Mama mkwe na oveni tupu

Queen, mama mkwe kavunja oveni yangu. Mpya, imefungwa leo asubuhi.

Fundi aliniambia niiwashe tupu nusu saa, mafuta ya kiwandani yaungue kwanza. Nikawasha. Mama, na imani zake za kwao Nansio, akaja kuchungulia kwenye kioo, akaona hamna kitu ndani.

"Unawasha moto bila chakula? Unataka nani afe humu?"

Nikadhani ananitania. Akachukua mchi wa kinu. Kioo chote chini. Nilipomshika akanitandika nao mkononi mara mbili. Mara mbili, Queen.

Nimemnyang'anya, kajifungia chumbani.

Mume wangu Yeremia kapiga simu sasa hivi. Namwambia mkono umevimba, natoka damu. Akaniuliza, "Kwani hukuweka hata kiazi?"