Wasikate Mgomba Hata Mmoja

Bukoba mjini, Jumatano

Dada Koku mpendwa,

Salamu kutoka huku, mvua haijakatika tangu juzi. Kadi hii ina picha ya ziwa kwa sababu dukani hapakuwa na nyingine. Mimi leo nimetazama picha ya ndani ya kichwa cha kaka yetu Mujuni.

Daktari aliiweka kwenye kompyuta kando ya ile ya siku Mujuni alipoanguka na pikipiki. Akazilinganisha sehemu kwa sehemu. Kisha akanionyesha: damu haijaongezeka, uvimbe umepungua, na sehemu ya chini ya ubongo inayomwamsha mtu haikuguswa.

"Kwa hiyo ataamka?"

"Picha inanipa sababu ya kusubiri, dada. Bado haijanipa jibu."

Nilikuwa najilazimisha kula ndizi zilizokwisha kupoa, jirani akanipigia: eti baba mdogo, kwa kusikia tu kwamba ubongo una damu, ameanza kusafisha mahali pa kaburi kibanjani, katikati ya migomba yetu! Koku, nimeandika badala ya kupiga simu ili umsomee kwa sauti, mbele ya ukoo mzima. Mujuni anapumua mwenyewe. Asikate mgomba hata mmoja.

Kadi anakuletea kondakta wa basi la mchana. Mkumbatie Mama, mfunike vizuri, baridi ya huko nyumbani Buganguzi naijua. Nawapenda sana.

Na baba mdogo mwambie hivi: picha ikibadilika, jembe nitakuja kulishika mimi. Leo aliweke chini.

Mdogo wako,
Kemi