Mwalimu Kipeuo Kitandani Pangu pa Masaji

Jumatatu, 6 Mei

Mteja wa tatu amekimbia! Dereva wa lori, kifua kama kabati. Nilimgusa bega kwa kidole kimoja tu — akaruka, akabeba viatu mkononi, eti amekumbuka ameacha jiko linawaka. Bosi hakucheka. Kasema mikono yangu haina neno, mdomo ndio unafukuza watu. Nani alinituma kumwambia mtu "tulia, hutakufa"? Akitoroka mwingine wiki hii nahamia kufua taulo.

Jumanne, 7 Mei

Nimefanya mazoezi kwa dada. Maagizo ya bosi: eleza kila hatua kabla ya kugusa, uliza panapouma, mwambie akisema basi ni basi. Nikalainisha sauti. Dada kasema nasikika kama natangaza msiba. Tena! Mara ya pili, kama muuza viwanja. Mara ya nne akalala fofofo — sifa zangu au uchovu wake, Mungu anajua. Shemeji akachungulia, akauliza kwa nini namnong'oneza mkewe.

Jumatano, 8 Mei

Jamani! Aliyeingia leo ni mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi. Yule tuliyemwita Kipeuo! Mvi tupu sasa, lakini macho yaleyale ya kutafuta makosa. Nusura nisimame wima na kupaza "Shikamoo mwalimu!" kwa sauti ya darasa zima. Nikasema karibu tu. Hakuonyesha kunitambua.

Bega la kulia halinyanyuki. Miaka thelathini na nne ya kuandika ubaoni. Kavua koti, basi. Kofia, soksi, miwani — havitoki! Kalala kifudifudi, kakauka kama rula. Nikauliza kwa upole anaogopa nini. Akafoka kwamba haogopi kitu. Dakika tano hivi, kabla sijafungua hata chupa ya mafuta, akasema afadhali aje Ijumaa.

Bosi: huyo naye amekimbia? Nikasema ameahirisha. Akatazama kapu la taulo, akanitazama mimi.

Ijumaa, 10 Mei

Karudi! Dakika kumi kabla ya wakati. Naandika humuhumu chumbani, kwenye stuli, kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Leo sikugusa kofia wala soksi. Miwani kavua mwenyewe. Nikamwambia humu mkubwa ni yeye, akisema basi naacha. Halafu, uso ukiwa umezama kwenye tundu la kitanda, akauliza:

"Hata kama mteja mwenyewe aliwahi kukukosea?"

Nikasema hata huyo.

"Ulikuwa unakaa dirishani. Nilikuchapa mbele ya wenzako kwa jibu lililokuwa sahihi. Niligundua jioni, nasahihisha madaftari. Kesho yake nikaona haya kukwambia."

Kumbe! Mimi nilidhani anaogopa masaji — mzee wa watu alikuwa ananiogopa mimi! Nami nimemsimamia na chupa ya mafuta ya moto!

Nilitaka kusema jambo zito. Kilichotoka: "Naanza na bega la kulia, mikono miwili, taratibu." Nikagusa. Akacheka! Kicheko chembamba, cha mtoto anayetekenywa. Miaka saba darasani kwake sikuwahi kuona meno yake. Akasema samahani, niendelee. Nikaendelea. Bega likalegea kama unga uliokubali maji, mara akaanza kukoroma.

Muda wake umekwisha. Mteja mwingine, mama wa duka la vitambaa, anasubiri mapokezi na anaulizia kama inauma. Bosi kachungulia mara mbili: mwamshe! Nimemwonyesha vidole vitano. Mkono wangu wa kushoto unanyooka kumwamsha, unarudi, unanyooka tena. Sijamjibu mwalimu. Sijui hata kama nimesamehe — kile kiboko nilikilia wiki nzima!

Bosi anagonga tena. Mkoromo umekatika.

Mwalimu ananiita. Majina yangu yote matatu, polepole, kama anaita mahudhurio, na mimi nimejikuta nimesimama wima: "Nipo, mwalimu!"