Mpira wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 7 Oktoba

Kipimo cha chumvi ya maji, asubuhi: 412. Jana 380. Mwezi wa nane hakikuwahi kuzidi 60. Maji ya kisima chetu hapa Chuno ni 1,400, kwa hiyo mashine ya kusafisha maji bado inachuja kidogo. Kidogo hakitoshi. Mjomba aliituma kutoka Dar es Salaam kwa sababu moja tu: figo za Bibi. Daktari alikataza chumvi, hata ya kisima. Mimi ndiye niliyesoma kijitabu na kuifunga jikoni.

Nimempelekea Bibi maji yake. Ameonja, akasema ni matamu, mume wake ni injinia. Ananiita mume wake tangu nikiwa mdogo. Sikumwambia namba.

Jumatano, 9 Oktoba

530. Nimebadilisha vichujio vitatu vya mbele. Hakuna tofauti. Pampu inanguruma, maji yanatoka tone moja moja.

Kijitabu kina ukurasa wa matatizo. Nimeupitia mstari kwa mstari na kuweka vema kila mahali: umeme, valvu, tangi, mpira wa maji ya kumwaga. Sasa ukurasa umejaa vema na mashine ni mbovu. Leo nimepata sifuri kwenye jaribio la fizikia. Mwalimu hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala nilikwenda kwa fundi wa mafriji, Rahaleo. Nilipita mbele ya duka lake mara mbili kabla ya kuingia. Nilipomaliza kueleza alicheka mbele ya wateja. "Sasa profesa, kitabu kimesemaje?" Nikasema kitabu kimeniishia. Akaacha kucheka. Akasema utando umekufa, ule wa ndani unaozuia chumvi. Hautengenezwi. Niagize mwingine.

Utando hukaa miaka miwili. Wetu una miezi saba. Nimekosea wapi?

Miguu ya Bibi imevimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeona.

Mashine inagawa maji mara mbili. Masafi yanaingia kwenye tangi. Yaliyobeba chumvi yanatoka kwa mpira mwembamba, kupitia tundu la ukuta, hadi kwenye mgomba nyuma ya jiko. Leo nilikwenda huko kutupa maganda ya muhogo. Mpira umekunjwa mara mbili na kukazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fundo la Bibi. Ndivyo anavyofunga magunia ya korosho. Chumvi ilikosa pa kutokea, ikabaki ndani, ikaua utando.

Jumatano niliuwekea mpira huu vema bila kutoka nje. Hatua kumi tu. Sikutoka.

Bibi hakuficha. Alifunga wiki ya Maulidi, siku aliyoona ndoo tatu zinamwagika ili ipatikane moja. Kwao Mahurunga walichota Ruvuma kwa zamu, mmoja akichota na mwingine akiangalia mamba. Dada yake alikwenda peke yake siku moja. Hakurudi.

"Maji yale nimwage, mume wangu? Hiyo ni israfu. Mungu akiniuliza nitajibu nini?"

Nikamuuliza, kama alionja chumvi, kwa nini kila siku alisema ni matamu.

"Ulikuwa unaniangalia usoni," alisema.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimemwambia Mama kosa ni langu. Bibi akasikia, akasema kutoka chumbani kwake kwamba nisimdhulumu, kosa ni lake. Mama alituangalia kwa zamu, akarudi kwenye cherehani. Hakushona.

Jumanne, 15 Oktoba

Bibi amelazwa. Alishindwa kupumua akiwa amelala, ikabidi akae. Mjomba ameagiza utando.

Nimesoma sura nzima ya figo kwenye kitabu cha baiolojia. Hakuna mstari unaosema zinarudi.

Namba zote nimeandika mimi kwenye daftari hili. 380. 412. 530. Na maji nikampa.

Jumapili, 27 Oktoba

Utando mpya umefungwa. 38. Maji ya kumwaga yanaingia kwenye pipa, Mama anafulia na kudekia. Bibi amelisogelea pipa, akachungulia, akatikisa kichwa kukubali.

Alirudi jana kutoka hospitali. Daktari amesema figo haziwezi tena kutoa maji mwilini, kwa hiyo asinywe zaidi ya vikombe viwili kwa siku, uji na chai vikihesabiwa humohumo. Asubuhi alikunywa uji kikombe kimoja.

Saa nne nimempelekea nusu ya kile cha pili. Alishika kila funda mdomoni kabla ya kumeza. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kanga, akauliza nusu iliyobaki ni saa ngapi.

Nikamwambia saa kumi.

Akasema sawa, akageukia dirishani.