Bibi Anasema Usome kwa Bidii

Itayanagi, 14 Juni 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu yangu ni mgongo wako na moshi wa kiwandani. Mama hajambo?

Nimetimiza mwezi zahanatini, na sasa nimehamia kwa mama yako, Bibi Yosa. Amenipa chumba chako. Kitsugaru, lugha yenu ya huku, baba, we! Mgonjwa ananieleza anapoumwa, mimi naitikia kwa kichwa tu. Jana mzee mmoja kaniambia kwa Kitokyo cha redioni, "Nesi, ukizidi kuitikia hivyo utanikata mguu mzima." Zahanati yote ikaangua kicheko.

Nikitoka kazini namsaidia Bibi kuyavika matufaha machanga mifuko ya karatasi, moja moja, mdudu asiingie. Yeye juu ya ngazi anaongea, mimi huku chini siambulii kitu. Nakumbuka kila Mwaka Mpya alivyokuwa akipiga simu. Unasikiliza weee, unaitikia "ndiyo", halafu unanigeukia: "Bibi anasema usome kwa bidii." Nifundishe basi, hata maneno kumi.

Mwanao,
Mitsue

Kawaguchi, 2 Julai 1984

Mwanangu Mitsue,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo ndio huo huo. Mama yako anakusalimu.

Kitsugaru hakikufai. Nilikuja huku pembeni mwa Tokyo kwa kibarua cha miezi ya theluji, nina miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza kiwandani nikafungua mdomo, wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakanibandika jina la Tufaha. Mwaka mzima sikusema zaidi ya ndiyo na hapana. Babu yako alipofariki sikwenda kumzika, nikaona aibu, na aibu ikazaa aibu nyingine. Fanya kazi yako, mkataba ukiisha rudi. Bibi yako akisema neno, ujue anakwambia ule ushibe.

Baba yako

Itayanagi, 23 Septemba 1984

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Bibi si mzima, ndiyo maana naandika.

Tumeshaivua mifuko, matufaha yanaanza kushika wekundu. Kitsugaru nakielewa sasa. Wagonjwa wamenifundisha, na Bibi pia. Nikikosea ananichapa mkono huku anacheka. Jana nikamwuliza, kila Mwaka Mpya ulikuwa unamwambia baba nini? Akashangaa. "Kwani alikuwa hakwambii?" Kisha akasema, "Yale yale tu. Seikichi, nimekukosea nini? Mlango siufungi. Mlete mtoto nimwone."

Miaka yote hiyo, baba! Na mimi nimekaa pale miguuni pako na daftari langu. Nimekukasirikia sana.

Ana uvimbe tumboni. Daktari anasema theluji ya kwanza huenda asiione. Hospitali hataki, anakutaka wewe. Njoo. Ukishindwa, piga simu uongee naye mwenyewe.

Mitsue

Kawaguchi, 30 Oktoba 1984

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Umenikasirikia, una haki.

Jumapili nilipiga simu. Ulikuwa kazini, akapokea mwenyewe. Sauti yake imekuwa nyembamba! Nikafungua mdomo, Kitsugaru hakikutoka. Ndani nakisikia chote, lakini kilichotoka ni Kitokyo cha mtu wa ofisini: "Habari za mchana, hali yako inaendeleaje?" Akadhani mimi ni wa serikali. Akajikaza, akanijibu kwa Kitokyo chake cha kuchechemea: "Samahani sana, bwana. Mwanangu hayupo, yupo Tokyo. Akija nitamwambia." Nikakata simu, nikalia mbele ya mama yako.

Nakuja tarehe kumi, nimeshaomba ruhusa. Niandikie, mwanangu. Mtu akirudi nyumbani anamwambiaje mama yake? Nifundishe.

Baba

Itayanagi, 2 Novemba 1984

Baba yangu,

Hii siitii posta, maana telegramu umeipata na uko garini. Naiweka chumbani kwako. Ukifika watu watakuwa wengi, na haya siwezi kuyasema bila kulia.

Bibi alifariki jana asubuhi, nimemshika mkono. Barua yako imefika leo.

Maneno uliyoomba nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Kaa karibu naye kabla hatujamzika, umwambie kwa sauti. Hapa hakuna atakayekucheka.

Na simu ile. Niliporudi kazini aliniambia kuna bwana wa ofisini kapiga, sauti kama ya babu alipokuwa kijana, halafu kakata ghafla. Sikushtuka, baba. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia hao ni watu wa bima tu, usiwajali. Nisamehe. Siku tatu hakuacha kumtaja. Alisema bwana yule alikuwa kama analia.

"Nilitaka kumwuliza kama amekula," akaniambia, "lakini mtu wa ofisini unamwulizaje hivyo?"

Mwanao,
Mitsue