Firigisi ya Pili

Kakuru, hapa kwangu kuna jambo silielewi.

Krismasi tulichinja kuku mmoja. Mmoja! Firigisi nilikula mimi jana, mbele ya wageni, kama mwenye nyumba.

Leo mke wangu Birungi amenichemshia mabaki, supu ya tangawizi kwa haya mafua. Nimechota, nimepata firigisi. Nzima!

Nikamuuliza, "Mama Docus, hii ni ya kuku gani?"

"Kunywa supu, mzee, inapoa."

Nikarudia. Akasema, "Mke wa Kosmasi alituongezea mabaki yao."

Kosmasi jirani! Asubuhi Bwera nzima ilimsikia akimfokea mkewe: "Firigisi yangu umempa mwanaume gani?"

Mwanaume gani, Kakuru! Si atasema ni mimi?

Sasa Kosmasi yuko mlangoni, amesikia harufu ya supu. Firigisi nimeimeza bila kutafuna.