Ua la Pamba Lisilonyauka

Nyasubi, Kahama
Juni

Mayu wangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta na afya njema, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua baada ya mvua kukatika. Pamba imefunguka vizuri mwaka huu? Ng'ombe wanapata maji? Mimi mwanao ni mzima, nakula nashiba, na moyo wangu umetulia kuliko wakati wowote tangu niondoke nyumbani. Barua nimemkabidhi Aneth alipopita hapa akirudi kwake Ngokolo, naye amekubali kuja mpaka kijijini akusomee. Aneth, mdogo wangu, soma taratibu, usiruke mstari hata ukifika pagumu. Wewe umeshaniona kwa macho yako, Mayu bado.

Jambo la kwanza, Mayu, sipo tena Geita. Nimehamia Kahama, na kazi yangu sasa ni maua. Usicheke. Natengeneza maua ya pamba kwa shaba. Nakata bati jembamba la shaba kwa mkasi, nagonga petali moja moja kwa nyundo ndogo mpaka ijikunje inavyotakiwa, napaka rangi, kisha naunga pini kwa nyuma ili mtu alibandike kifuani. Mengine nayapa rangi ya maziwa, kama ua linavyochanua asubuhi. Mengine nayafanya mekundu, kama linavyokuwa siku ya pili kabla ya kudondoka. Nauzia dukani kwa Mama Dorah, anayeuza vitenge hapa sokoni. Ni mwanamke wa Tarime, zamani alikuwa akitupikia machimboni kule Geita.

Mwezi uliopita wafanyabiashara wa soko letu waliitana kuchagua zawadi moja ya kumbukumbu, ambayo mtu akiiona popote atajua imetoka kwetu. Anayesikilizwa zaidi pale ni Masudi, mnunuzi wa dhahabu. Masudi alisema hakuna cha kujadili. Mji unakula dhahabu, unavaa dhahabu, basi zitengenezwe kokoto za rangi ya dhahabu ziwekwe kwenye vikasha. Wengi wakapiga makofi. Ndipo Mama Dorah akainuka, akaweka ua langu mezani, akasema yeye si wa huku lakini ameona wateja wanavyoligombania, na hajaona mtu akigombania kokoto.

Masudi akaligeuza kiganjani, akacheka. Akauliza siku hizi nani mjini ana habari na pamba, na ni nani huyo mwenye nafasi ya kuchezea shaba. Asimame aonekane.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Nikasimama, sikuharakisha.

Niliwaambia kwamba kabla ya machimbo haya, mama zetu walikuwa wakimpokea mgeni kwa ua la pamba. Nikawasimulia habari zako, Mayu. Jinsi ulivyolichuma likiwa bado na umande ukampachika baba kwenye tundu la kifungo siku ya gulio, na jinsi yule bwana shamba aliyetutembelea alivyoondoka na ua lako kifuani, amelikinga kwa mkono lisipeperuke. Niliona watu wazima wakitikisa vichwa. Kumbe na mama zao walifanya hivyo. Nikasema ubaya wa ua lile ni mmoja tu, lilinyauka kabla mgeni hajafika kwake. Langu halinyauki. Nikamalizia hivi: "Dhahabu mgeni anaikuta hata nchi nyingine, tena anaitafuta mwenyewe. Ua alipewa."

Nikageuka nikakae. Hapo nikaona Masudi ameacha kuniangalia usoni. Aliangalia chini, kwenye mguu wangu, halafu akanirudia usoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe si Maige? Maige wa duara letu?"

Mayu, kama umesimama, kaa chini. Mwaka juzi wakati wa masika, lile duara, yaani shimo tulilokuwa tukichimba Geita, liliporomoka. Wenzangu walitoka salama. Mimi nilifukiwa, na jiwe likalalia mguu wa kushoto. Hospitali waliukata chini ya goti. Ninatembea kwa mguu wa bandia na fimbo. Masudi wakati ule alikuwa mchimbaji kama mimi. Ndiye aliyefukua kile kifusi kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Gari liliponichukua nilikuwa sijitambui, na mtu fulani akamletea habari kwamba nimefia njiani. Mama Dorah ndiye aliyenifuata hospitali, akaniuguza mpaka nikapona. Mimi nafanyia kazi nyumbani, sikuwa nimekutana na Masudi hapa Kahama, na Mama Dorah hakujua kwamba ananihesabu marehemu. Miezi ile nilipokuwa nakuambia kwenye simu kwamba kazi zimenibana, kazi yenyewe ilikuwa kujifunza kutembea. Sikukaa kimya kwa aibu, Mayu. Nilitaka upate habari za mwanao akiwa amesimama.

Masudi alisukuma viti, akaja akanikumbatia mbele ya watu wote. Akawaambia, "Huyu nilimtoa mimi. Nilishamlilia na matanga nikaweka." Kisha akanipa lile ua na kunisogezea kifua chake. "Nibandike," akasema. Mkutano ukacheka huku wengine wakifuta machozi, na hakuna aliyetaja kokoto tena. Sasa ua la pamba ndiyo zawadi ya soko letu. Maharusi wanalivaa, na madereva wa malori wanaopita Isaka wanawapelekea wake zao hadi Kigali. Kazi ni nyingi, nami naiweza.

Wabeja sana, Mayu, kwa kunilea kati ya mistari ya pamba. Nisalimie Mama Salome jirani, na wote wa kanisani. Usinililie kupita kiasi; ukilia leo, kesho uwe umemaliza.

Nakuja nyumbani kabla mavuno hayajaisha. Usimtume mtu aje kunipokea barabarani. Nitashuka na kutembea mwenyewe mpaka kwako. Ule mchanga wa njiani utanichelewesha, lakini nitafika. Ukiniona kwa mbali usikimbie kunishika mkono. Kaa mlangoni, Mayu, unitazame nikija.

Ni mimi mwanao,
Maige Maganga