Kadi Iliyorudi kwa Konda

Mtaa wa Majengo,
Tunduma.
28 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Irene,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, ambako mvua inanyesha tangu juzi na matope yamefika mpaka kizingitini. Hujambo wewe? Na huo mgongo uliosema unakusumbua ukiwainua wazee kazini, umepata nafuu? Wajukuu wa mama huko Ufini wanaendeleaje na hiyo baridi? Sisi ni wazima. Mama anakula, analala, anasali rozari yake, na magoti yanamsumbua vilevile kama ulivyoyaacha. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo ndio unaochemka.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika barua ya karatasi wakati simu ipo. Nilijaribu simu. Nilijirekodi, nikajisikiliza, nikaona natukana tu mwanzo hadi mwisho. Karatasi inanilazimisha kupumua. Kaa basi, unisikilize.

Unaikumbuka ile kadi uliyomtumia mama Krismasi ya mwaka jana, yenye kidirisha cha plastiki na theluji ndani inayomwagika ukiitikisa? Hukuwepo kuona. Mama aliitikisa tangu asubuhi mpaka wageni wakaondoka. Alicheka, Irene. Tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia mama akicheka kwa sauti. Aliitikisa mpaka kidirisha kikabanduka, theluji yako yote ikaishia kwenye mchuzi, akacheka tena, halafu akauliza huko kwenu mnapanda nini kwenye weupe wote huo.

Mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, akaniambia anataka kitu kimoja tu kwa Krismasi: amwone Kasiani mezani. Unajua kaka yetu hajakanyaga hapa tangu arobaini ya baba, mwaka wa tatu sasa. Hatukugombana naye. Yupo tu huko Mkwajuni na mashimo yake ya dhahabu, simu hapokei, na akipokea ni "nitakuja dada, nitakuja." Kila gari likisimama nje mama anainua kichwa. Ana miaka sabini na tisa, na mimi naogopa.

Nikasema, simu imeshindwa kumtoa, nitamtengenezea kadi kama ile ya Irene. Na nikishaanza, kwa nini nisiwatengenezee ndugu wote?

Vifaa vilikuwa masalia matupu. Unaijua ofisi yangu ya cherehani baada ya msimu wa send-off za mabibi harusi: karatasi za manila zilizobaki kwenye mapambo, riboni, shanga, na vile vidude vya kumetameta vinavyodondoka kwenye magauni. Mwanamvita, jirani yangu wa duka la madera, akaniongezea vipande vya vitambaa na nailoni za kufunikia madaftari zilizombakia tangu shule zifunguliwe. Kidirisha nilikikata kwa wembe, nailoni nikaigundisha kwa ndani. Sasa kidirisha lazima kiinuke kidogo ili vitu vipate nafasi ya kucheza. Nikachukua kandambili zilizokatika, nikachana soli vipande vyembamba, nikazungushia kama fremu. Theluji niliimegua kwenye lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Ikang'ang'ania nailoni kama kupe, haianguki ng'o. Mwanamvita ndiye aliyeniambia nipake kwanza poda ya mtoto kwa ndani, na kweli ikaanza kumwagika vizuri. Lakini ilikuwa bubu. Nikaongeza ulezi kidogo. Ukiitikisa inasema chaka, chaka, chaka.

Nilitengeneza tisa. Kila moja nikaifunga kwa riboni, nikaitia kwenye bahasha, na juu nikaandika jina kwa ule mwandiko wangu wa kulaza. Ndani ya ile ya Kasiani niliandika hivi: "Kaka, njoo Krismasi. Mama anakuulizia. Usibebe kitu chochote, njoo na miguu yako tu."

Sasa sikiliza maajabu ya ukoo wako.

Shangazi Nesta nilimpelekea mwenyewe sokoni Vwawa. Hata salamu hakumaliza. Aliiona bahasha, akauona mwandiko, akaweka mkono kifuani. "Priska mwanangu, mimi mwaka huu sina. Nimetoa mchango wa harusi ya Mlowo, nimetoa wa kipaimara, niacheni nipumue." Nikamwambia, shangazi, fungua kwanza. Akaipokea, ikalia chaka chaka mkononi. "Ee! Siku hizi mnatanguliza na sarafu humo ndani ili mtu aone aibu?" Akaisukuma chini ya nyanya, akamgeukia mteja.

Binamu Jofrey aliniona natoa bahasha kwenye pochi, akapanda bodaboda bila kuuliza nauli. Jofrey yule, anayebishania nauli mpaka abiria wengine wanamwonea huruma dereva! Na kuna mwingine, simtaji maana utamcheka mbele ya watu, aliniuliza kamati inakaa lini na mwenyekiti ni nani. Mwenyekiti wa Krismasi, Irene! Mteja wangu mmoja wa Nakonde ndiye peke yake aliyefungua palepale ofisini. Aliitikisa, akacheka, "Natotela, bamayo!" yaani asante mama kwa Kibemba, akaenda nayo kwao. Mtu wa ng'ambo ya mpaka kaelewa kwamba ni salamu, ndugu zangu wa damu wakaona ni mchango wa harusi.

Hayo yote ningeyameza. Nililoshindwa kulimeza ni la Kasiani.

Bahasha yake niliikabidhi mkononi kwa konda wa gari la Mbalizi, yeye akaiunganisha na gari la Mkwajuni. Tarehe ishirini na nne mchana konda yuleyule akanisimamia mlangoni na bahasha ileile. Nilidhani ni majibu. Nikaifungua mbele ya mama, maana na yeye alikuwa ameinua kichwa. Kadi imo, riboni imo, na fundo ni lilelile langu la fundi, halijaguswa. Nyuma ya kadi kabandika noti kwa pini, na kikaratasi: "Dada, pokea hiki kidogo. Hali huku ni ngumu. Naomba jina langu mliondoe kwenye orodha mwaka huu. Kasiani."

Nimemwita kaka yangu aje kula, naye amenilipa nimwache! Nimemwandikia asibebe kitu, naye ametanguliza hela ili asije! Irene, siku hiyo nilishindwa hata kutia uzi kwenye sindano. Mama akauliza, "Amesema nini?" Nikamdanganya kwamba kaka ana kazi nyingi. Kumdanganya mama mkesha wa Krismasi, hilo nalo nitamdai Kasiani mbele ya Mungu.

Ningeweza kumpigia simu saa ileile. Hilo nalikiri. Lakini nilikuwa nimevimba, nikasema sipigi, anyamaze na hela zake. Siku ya Krismasi mama alimtengea sahani, wali na nyama ya mbuzi, akaifunika kwa sahani nyingine. Mpaka jioni ilikuwa palepale, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Tarehe ishirini na sita hasira zikanipeleka kwenye simu. Sikumpigia yeye, nilimpigia wifi Ferista, kwa nia ya kumfokea mke apeleke kwa mume. Akaniacha nikafoka mpaka nikakauka. Nilipomsomea nilichoandika ndani ya kadi, akaniomba nirudie.

"Wifi," akasema, "hakuifungua. Aliona mwandiko tu."

Akaniambia wana droo pale ndani, imejaa bahasha. Send-off ya Vwawa, harusi ya Mlowo, komunio, kipaimara, mahafali ya kidato cha nne, ukarabati wa kaburi la babu. Zote ni mwandiko wangu wa kulaza. Watoto wake wanaujua kama wanavyojua mwandiko wa mwalimu wao. "Kaka yako husema, dada Priska akiniandika, nimekwisha." Halafu akaniambia lingine. Shimo la Kasiani liliporomoka tangu mwezi wa nne. Mungu mkubwa, hakukuwa na mtu ndani, lakini mitambo yote imefukiwa, na sasa anafanya kibarua kwenye mashimo ya wenzake. Hajamwambia mtu. Anaona aibu kuja kwa mama mikono mitupu. Zile noti alizozibandika, alizikopa.



Unajua jinsi ilivyo katika ukoo huu. Kamati yoyote ikikaa, hata kabla ya sala ya kufungua, mtu anasema, "Kadi aandike Priska, ana mwandiko mzuri." Nami najisikia, naandika. Sasa nimekaa na kalamu hii nikatafakari. Kwa miaka yote hiyo nimemwandikia kaka yangu kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na hata mara moja sikuwahi kumuuliza hali yake.

Usidhani hasira zimeisha. Bado ninazo, na zinawatosha wote. Nina hasira na Kasiani kwa kutofungua, maana riboni si kufuli. Nina hasira na shangazi na nyanya zake. Nina hasira na sisi wote tulioufanya udugu uwe wa kuchangishana, mpaka salamu ikija mtu anajificha. Na ulipojitoa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, mimi nilikusema sana, hadi kwa watu usiowajua, kwamba Ulaya imekuharibu. Leo naomba radhi. Lakini nusu tu, kwa sababu ungeweza kusema sababu badala ya kuondoka kimyakimya kama Kasiani.

Jana nikamwambia mama ukweli wote, wa shimo na wa kadi. Nilitegemea alie. Akaniomba nimpe ile kadi. Akaivuta riboni mwenyewe, akaitikisa mara moja, akaisikiliza, akaiweka pembeni. Halafu akasema nimtafutie gauni lake la misa na kandambili za kuogea.

"Unaenda wapi mama?"

"Mkwajuni."

Nikamwambia njia ya kutoka Mbalizi ni matope matupu wakati huu, magoti yake hayawezi, tusubiri mvua zikatike. Nikaongea mengi, unanijua. Akaningoja nimalize.

"Kadi ameirudisha kwa konda," akasema. "Na mimi atanirudisha kwa konda?"

Kwa hiyo kesho tunakwenda misa, na Jumatatu alfajiri tunapanda gari. Mwanamvita atafungua ofisi yangu na kupokea wateja. Nimemwahidi Ferista sitafoka, na yeye ameniahidi hatamwambia Kasiani kwamba tunakuja. Nami sitampigia, kwa sababu akiona jina langu kwenye simu atakwenda kujificha shimoni.

Na wewe usimpigie kumtahadharisha! Nakujua, huwa unamwonea huruma. Ngoja mama aketi kwanza kwenye kiti chake, ndipo umpigie, na ukimpigia muulize anaendeleaje, halafu unyamaze umsikilize.

Nisalimie sana shemeji Clement, na uwabusu watoto kwa niaba ya mama yao mkubwa na majirani wote wa huku. Mwanamvita anakusalimia na anauliza kama huko poda ya mtoto inapatikana. Mama anasema anakuwekea mkono kichwani kwa mbali, Bwana akulinde kwenye baridi hiyo, akupe nguvu ya mgongo, na akurudishe nyumbani siku moja, ukiwa na kitu au ukiwa huna.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Priska